Vidonge vya kuhifadhia mahindi visiingizwe vyumbani kuua kunguni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wapangaji, wenye nyumba na viongozi wa mitaa kuhusu namna tunavyopambana na wadudu wasumbufu wa majumbani, na hasa kunguni. Nilikuwa afisa afya wa mazingira katika kata za Temeke mpaka nilipostaafu, na hadi leo majirani huniita bwana afya na kunigongea mlango wanaposhindwa kulala. Kinachonisukuma kuandika ni tabia iliyoota mizizi ya kuingiza chumbani sumu zilizotengenezwa kwa ajili ya shamba na ghala la nafaka, sumu ambazo mara nyingi haziwamalizi kunguni lakini zinaweza kabisa kumuua mtoto aliyelala chumba cha pili.

Karibu kila siku katika mitaa yetu hupita kijana mwenye kipaza sauti kidogo chenye maneno yaliyorekodiwa, yanayojirudia bila kuchoka: dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya, dawa ya viroboto. Kijana huyo anatafuta riziki na mimi simchukii. Lakini ukimsimamisha atakutolea chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kimiminika cha njano au kahawia, isiyo na lebo, jina la kiuatilifu, wala tarehe ya kuisha muda wake, na maelekezo yake yote ni ya mdomo: kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji, na wadudu wakiwa wengi, ongeza. Kimiminika cha namna hiyo kikitiwa maji hugeuka kuwa cheupe kama maziwa, na kinachobaki huhifadhiwa uvunguni au dirishani katika chupa ile ile ambayo mtoto amezoea kuinywea maji. Mara nyingi kilichomo ni kiuatilifu cha mazao kilichomiminwa kutoka kwenye dumu kubwa. Kundi mojawapo la sumu hizo, liitwalo organofosfeti, huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu kwa njia ile ile inayovuruga ya binadamu: mboni za macho husinyaa, mate na jasho hutoka bila kukoma, mtu hutapika na kuharisha, misuli hurukaruka, na ikiwa sumu ni nyingi pumzi hukatika.

Pamoja na ubaya wake wote, chupa hizo bado haziogopeshi kama vidonge. Nasema juu ya fosfidi ya alumini, ambayo wakulima na wafanyabiashara wa nafaka huijua kama vidonge vya kuhifadhia mahindi. Vidonge hivi vikikutana na unyevunyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua dumuzi na fukusi katika magunia. Ghalani vina kazi halali na mpangilio wake unajulikana: magunia hufunikwa kwa turubai lisilopitisha hewa, kingo hukandamizwa kwa mifuko ya mchanga, watu hukaa mbali kwa siku kadhaa, kisha turubai hufunuliwa na ghala likapitishwa hewa vya kutosha kabla mtu hajaingia. Chumba cha kulala hakitimizi hata sharti moja kati ya hayo.

Hebu tufanye hesabu. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kimo cha futi 9 kina mita za ujazo 25 na nusu hivi. Gesi ya kidonge kimoja ikienea humo bila kutoka, hewa ya chumba itakuwa na takriban sehemu 28 za fosfini katika kila sehemu milioni, ilhali kiwango cha juu kilichowekwa nchini Marekani kwa mfanyakazi anayekaa kazini saa 8 ni sehemu 0.3 tu. Hiyo ni zaidi ya mara 90, na ni kwa kidonge kimoja, wakati watu wanaoamua kutumia vidonge hawaweki kimoja. Vikiwa viwili, chumba kinavuka sehemu 50, ambacho ni kiwango kinachohesabiwa na wataalamu wa usalama kazini wa huko huko kuwa ni cha kuhatarisha uhai papo hapo.

Wasomaji wanaokaa nyumba za kupanga wanajua jinsi zilivyojengwa. Kuta za vyumba huishia usawa wa dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja kuanzia chumba cha mbele hadi cha uani; nyumba nyingine hazina dari kabisa, ukilala unaona mabati na unasikia jirani anavyogeuka kitandani. Gesi hupita juu ya kuta hizo, hupita chini ya milango na kwenye matundu ya nyaya za umeme. Mpangaji aliyeweka vidonge hufunga chumba chake na kwenda kulala kwa ndugu, kwa kuwa yeye anajua alichokiweka. Majirani zake wanabaki ndani na hawakuambiwa.

Nakumbuka nyumba moja ya vyumba sita ambako mama mmoja alimpeleka mwanawe zahanati usiku, mtoto akitapika na kulia kwamba kichwa na kifua vinamuuma. Kipimo cha malaria kilionyesha hana vimelea, akapewa dawa ya tumbo na kurudishwa katika chumba kile kile. Asubuhi mtoto alikuwa amezidiwa, naye mama hali yake haikuwa nzuri, na hapo ndipo majirani waliponiita. Ukumbini kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu iliyochanganyika na ya samaki aliyeoza. Tulipofungua chumba cha katikati, ambacho mwenyewe hakuwapo, tulikuta kisahani uvunguni chenye unga wa kijivu, mabaki ya vidonge. Tuliwatoa watu wote nje, tukafungua kila mlango na dirisha, na mtoto akapelekwa hospitali tukiwa tumemweleza mama yake aseme waziwazi ni sumu gani. Alipona, nami namshukuru Mungu, lakini ningependa wasomaji wajue kwamba fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini. Daktari anachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake uendelee kupiga wakati mwili unapambana. Kwa hiyo watu wa nyumba moja wakianza kuumwa kichwa, kutapika na kubanwa kifua kwa pamoja, watoke nje kwanza, na swali la nani amepuliza au kuweka nini liulizwe mapema, kabla ya kudhani ni malaria au chakula kibaya. Mabaki ya vidonge yasimwagiwe maji, kwa maana maji ndiyo yanayoamsha gesi iliyobakia. Kama sumu ni ya chupa, chupa yenyewe ipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa, maana organofosfeti ina dawa yake na daktari akijua mapema huokoa maisha.

Watu hawafikii hatua ya vidonge kwa sababu ni wajinga. Wanafika huko kwa kuwa wamekwisha kupuliza mara kadhaa, wametumia fedha walizokuwa wanaziwekea kodi, na kunguni wamerudi. Ni haki yao kuelezwa ni kwa nini hurudi.

Kunguni wa nchi zetu za joto, ambaye wataalamu humwita Cimex hemipterus, ni mdudu bapa wa milimita 5 hivi ambaye haruki na hana mbawa. Mchana hujificha karibu na mahali watu wanapolala: kwenye ncha za chaga zinapokalia mbavu za kitanda, kwenye matundu ya misumari na skrubu, kwenye ubao wa kichwani, kwenye mishono ya pindo za godoro, nyuma ya soketi, na katika mikunjo ya pazia. Jike hugandisha mayai meupe ya ukubwa wa milimita moja ndani ya nyufa hizo, na katika maisha yake anaweza kutaga mayai mia mbili na zaidi. Katika joto la kawaida la chumba mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Kinachotoka ni tunutu mdogo mwenye rangi ya majani makavu ambaye hujivua gamba mara 5 kabla ya kukomaa, na kila hatua humhitaji anywe damu angalau mara moja. Kunguni aliyekomaa huweza kukaa miezi kadhaa bila kula chochote, ndiyo maana chumba kilichofungwa kwa mwezi mzima humkaribisha mwenyewe kwa kuumwa usiku wa kwanza.

Sasa fikiria kinachotokea unapopuliza mara moja. Dawa huua wale iliowagusa, lakini dawa nyingi za kupuliza haziyadhuru mayai, na waliojificha ndani ya mbao hawaguswi kabisa. Baada ya wiki moja mayai yanaanguliwa, na mwenye chumba anaamini kwamba dawa ilikuwa hafifu au kwamba jirani amemrudishia. Anaongeza kipimo, kisha anabadilisha sumu, na mwisho anasikia habari za vidonge.

Liko pia suala la usugu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia sumu ya kuua wadudu iitwayo DDT ilisifiwa kuwa imewamaliza kunguni, lakini tayari mwaka 1947 huko Hawaii walionekana kunguni ambao haikuwaua tena. Dawa nyingi tunazopuliza leo ni za kundi la pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zao ambalo ndugu zetu wa Mufindi, Njombe na Mbeya, na wenzetu wa Nakuru nchini Kenya, wamelilima kwa miongo mingi. Ni dawa nzuri kwa wadudu wengi, lakini kunguni wamejenga usugu dhidi yake sehemu nyingi za dunia. Hapa nyumbani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kunguni kutoka vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa walikuwa wagumu kuuawa na dawa hizo. Nalitaja hili kwa tahadhari, kwa kuwa nimesikia watu wakisema vyandarua ndivyo vinavyoleta kunguni na kuvitupa. Chandarua hakizai kunguni. Kilichotokea ni kwamba dawa yake iliua kunguni dhaifu na kuwaacha wenye usugu wazaliane, wakati mbu wa malaria, ambaye ndiye anayeua watoto wetu, bado huzuiwa na kitambaa chenyewe kikiwa kizima na kimechomekwa vizuri chini ya godoro.

Kinachowashinda kunguni ni joto, mikono na subira. Nguo, mashuka, foronya na chandarua kisicho na dawa vilowekwe katika maji ya moto, nyuzijoto 60 au zaidi, ambazo huua wakubwa, tunutu na mayai kwa pamoja. Kitanda kifunguliwe chote, chaga moja moja, na maji yanayochemka yamiminwe polepole kutoka kwenye birika juu ya kila ncha, kila tundu na kila kiungio; ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili, na wanaoifanya huona kwa macho yao wadudu wengi ambao dawa haikuwahi kuwafikia. Kwenye pindo za godoro, tandaza kitambaa chenye unyevu na upitishe pasi ya moto taratibu ili mvuke uingie kwenye mshono, bila pasi kugusa sponji. Kuanika godoro juani kunasaidia kwa kiasi fulani, lakini kunguni huhamia upande wa kivuli, na asiyekagua huwarudisha ndani jioni wakiwa salama. Nyufa za ukuta zizibwe kwa saruji au jasi. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta, shuka lisiguse sakafu, na kila mguu usimamishwe ndani ya kopo lenye maji ya sabuni, kama walivyofanya wazee wetu, ili wanaopanda usiku waonekane asubuhi.

Kazi hii irudiwe kila wiki kwa muda usiopungua wiki sita, kwa sababu ya mayai niliyoyaeleza. Mtu akitaka kuongeza dawa, iwe yenye lebo inayosema wazi kwamba ni ya kutumika ndani ya nyumba, ielekezwe kwenye nyufa na si juu ya mashuka, na irudiwe baada ya wiki mbili hivi kwa kufuata maelekezo yake. Na godoro linalotupwa lichanwechanwe kabisa. Magodoro yanayoachwa mazima jalalani huokotwa, hushonewa kitambaa kipya na kuuzwa, na kunguni husafiri nayo mpaka mtaa mwingine.

Kabla ya yote hayo, mtu ahakikishe kwamba anayemuuma ni kunguni kweli, kwa kutafuta vidoa vyeusi vya kinyesi kwenye mishono na kwenye chaga, maana alama za ngozi peke yake hazitoshi kuthibitisha. Katika nyumba za udongo, hasa mikoa ya kati, anaweza kuwa papasi, ambaye hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta na hunyonya usiku. Papasi ana miguu minane na ni jamii ya kupe, na tofauti yake na kunguni ni kubwa kwa afya: kunguni hujulikana kwa kuwasha na kukosesha usingizi, lakini haijathibitika kwamba huambukiza watu magonjwa majumbani, ilhali papasi huambukiza homa ya papasi, homa inayokuja na kuondoka na kurudi tena, na ambayo ni hatari sana kwa wajawazito na watoto wachanga. Mwenye papasi aende akapimwe damu, na nyumba yake inahitaji sakafu na kuta zisizo na nyufa kuliko inavyohitaji kitanda kuchemshiwa maji.

Mende nao wanafukuzwa vibaya. Wale wadogo wa jikoni, wenye mistari miwili ya giza nyuma ya kichwa, hukimbilia kwenye mota ya friji na ndani ya redio ukiwapulizia, na baada ya siku chache wameenea mpaka chumbani. Chambo huwafaa zaidi: unga wa asidi ya boriki uliochanganywa na sukari na unga wa ngano kidogo, ukawekwa nyuma ya kabati na chini ya sinki mahali ambapo mtoto hafiki, pamoja na kurekebisha bomba linalovuja, kwa kuwa mende huvumilia njaa kuliko kiu.

Naomba pia tuache kuwaaibisha wenye kunguni. Aibu ndiyo inayomfanya mpangaji aweke vidonge kimyakimya badala ya kuwaambia wenzake. Mwaka 2023 jiji la Paris lilijaa habari za kunguni katika hoteli, kumbi za sinema na treni, na Wafaransa hawakukosa sabuni wala maji. Kunguni huja na kochi la mtumba, begi la safari, tranka la mwanafunzi anayerudi kutoka bweni, na hukaa kwa msafi na kwa mchafu, ingawa chumba kilichojaa vitu humpa maficho mengi zaidi.

Kwa wenye nyumba, ombi langu ni hili. Nyumba ya vyumba sita haiwezi kutibiwa chumba kimoja kimoja, kila mpangaji kwa wakati wake na kwa sumu yake. Pangeni siku moja kwa vyumba vyote, gharama za kuziba nyufa zibebwe na mwenye nyumba kama zinavyobebwa za paa linalovuja, na mkataba wa upangaji useme wazi kwamba vidonge vya ghalani ni marufuku ndani ya nyumba na kwamba anayepuliza dawa yoyote lazima awataarifu wenzake kabla. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake makuu Arusha, na kwa mujibu wa utaratibu uliopo kiuatilifu hupaswa kusajiliwa na kuuzwa na muuzaji aliyeruhusiwa, kikiwa katika kifungashio chake chenye lebo. Chupa ya maji ya kunywa si kifungashio cha kiuatilifu. Viongozi wa mitaa hawahitaji kusubiri agizo kutoka juu ili kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa, kumwalika afisa afya wa kata aje na chaga moja yenye kunguni awaonyeshe wananchi mayai yalipo, na kuwaambia wenye maduka ya pembejeo waache kumuuzia vidonge mtu anayesema mwenyewe kwamba anavipeleka chumbani.

Wako,
Afisa afya mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam.